Je, Wajua? Mombasa ya Kale Imo Diwanini

Anayetaka kuijua Mombasa ya karne ya 19 hana budi kumsoma mshairi Muyaka bin Haji. Tungo zake zinagusa mapenzi, urafiki, na vita kati ya Wamazrui, waliotawala Mombasa, na Sayyid Said, mtawala wa Omani. Wahakiki husema ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Baada ya kifo chake, mashairi mengi yalibaki vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor, na miswada ya kazi hiyo imehifadhiwa London. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979, Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu kinachoeleza mashairi pamoja na jamii iliyoyazaa. Je, wazee wa mji wenu wangali wanakumbuka tungo za kale? Ziandikeni mapema.