Tusome kwa Kutulia, Tucheke kwa Kutulia



Hapa kwetu Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000. Ndizi haikomai kwa kuhimizwa, wala jani la chai halichumwi kabla halijachipua. Lakini ndani ya nyumba zetu imeingia haraka ya ajabu. Mtoto hushika simu, akatazama kichekesho cha nusu dakika, akakiacha, akaingia kingine, hata adhana ya Isha ikamkuta hakumbuki alichokiona.

Hatuwalaumu watoto peke yao. Nasi walimu tunayo sehemu yetu. Chuoni kwetu tulizoea kumsifu amalizaye sura mbele ya wenziwe. Mvulana mmoja wa miaka kumi alihitimu Juzuu Amma upesi sana, tukamfanya mfano. Siku chache baadaye mama yake akatujia, akasema: "Maalim, nashukuru, mwanangu amehitimu. Lakini nikimwomba anisomee taratibu nimfuate, hawezi. Ajua kukimbia tu."

Neno lile lilitutahayarisha. Qurani iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23 hivi, na katika Suratul Muzzammil tumeamrishwa kuisoma kwa tartili, yaani kwa utulivu na kwa kuipa kila herufi haki yake. Sisi tulimfundisha mtoto kuikimbia.

Basi tukaanza naye upya, aya tatu kwa siku. Na nyumbani kwetu tukaweka desturi: baada ya chakula cha usiku simu zote huwekwa kabatini, ya baba ikiwa ya kwanza, na mmoja wetu husoma kwa sauti kurasa chache. Tulianza na Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert (1909–1962). Humo yumo mtu mwema ambaye kila usiku huwachapa nyani wawili, na sababu yake haijulikani mara moja.

Usiku wa pili mvua ikapiga mabati kwa nguvu, sauti ya msomaji ikamezwa. Kitabu kikafunikwa, tukangoja. Watoto wakaanza kubuni: huyu asema nyani wale ni majini, huyu asema ni wezi. Bibi yao, aliyekuwa akichambua maharage, akasema polepole: "Hebu someni tena jina la kitabu." Wakalisoma, wakatazamana, kisha nyumba nzima ikacheka. Robo saa ile bila kitabu wala simu ilitufaa kuliko kurasa kumi.

Dini yetu haikuharamisha furaha. Mtume (s.a.w.) alifanya mzaha na masahaba zake, wala hakusema ila kweli. Yatupasa tu kuchagua furaha inayotukusanya, tukaiacha inayomtenga kila mtu na kioo chake. Asiye na kitabu asikate tamaa. Ngano za bibi, ziwe za Kinyakyusa au za Kiswahili, hazihitaji fedha.

Mvulana yule hajafika nusu ya juzuu. Lakini mama yake atuambia kwamba kila baada ya Magharibi huketi ubavuni mwake, akasoma aya, akangoja, naye mama akaifuata. Mwenyezi Mungu atusamehe haraka yetu, na awabariki wote wawili. Amin.