Fahamu: Je, kiyoyozi cha gari la umeme kinahitaji sevisi ya kila mwaka?

Wenye magari ya umeme huambiwa mara nyingi kwamba gesi ya kiyoyozi hubadilishwa kwa ratiba, kama oili ya injini. Si kweli. Gesi haichakai, huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, imevuja, na dawa ni kutafuta panapovuja.

Kinachochoka kweli ni chujio la hewa ya ndani. Tesla hushauri libadilishwe kila baada ya miaka 2 kwenye Model 3. Kwenye barabara za vumbi, usingoje muda huo.

Hata hivyo, kiyoyozi hiki si cha starehe tu. Katika magari mengi ya umeme ndicho pia kinachopoza betri, hasa wakati wa kuchaji kwa kasi. Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, ambazo Wakenya huagiza zikiwa zimetumika, hazina mfumo huo. Betri zake hupoa kwa hewa tu.

Kwenye sevisi yenyewe, hatari kubwa iko kwenye oili ya kompresa, pampu inayosukuma gesi. Kompresa huendeshwa na umeme wa mamia ya volti, kwa hiyo oili yake lazima isipitishe umeme. Oili ya PAG inayotumika kwenye viyoyozi vya magari ya petroli, hata ikiingia kidogo, yaweza kuharibu kinga ya nyaya za kompresa, na kompresa mpya ni ghali mno. Kabla fundi hajafungua chochote, muulize anatumia oili gani. Akibabaika, ondoa gari lako.

Kitabu cha gari kikitaja muda wa ukaguzi, ufuate. Kisipotaja, na baridi inatoka vizuri, usilipe.