Chuku ya King Majuto: Kasoro au Fani?

Kwenye vibanda vya video hapa Moshi tulimcheka King Majuto mpaka mbavu zikauma. Tukirudi darasani tunamwonea haya: eti anapayuka, anatumbua macho, anazidisha, huyo si msanii bwana, ni mchekeshaji tu. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo.

Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga mwaka 1948, alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, angali mtoto. Jukwaani hakuna kamera ya kukusogezea uso. Mtazamaji wa nyuma sharti aione hasira yako begani na mkononi. Ukubwa huo aliuhamishia kwenye video, na hakuuacha hadi alipofariki tarehe 8 Agosti 2018.

Nenda kilabu cha mbege, Kibosho au Marangu, umsikilize mzee akisimulia. Mbwa wake anakuwa mkubwa kama ndama, na hakuna anayemwita mwongo. Wasikilizaji wanajua kuwa jambo limekuzwa ili lionekane. Ndivyo Majuto alivyomwigiza mzee bahili au mkware: tunacheka, halafu tunamkumbuka jirani, ama sisi wenyewe. Charlie Chaplin naye alipokula kiatu katika The Gold Rush (1925), njaa ilieleweka kuliko kwa machozi.

Ni kweli, baadhi ya filamu zake msuko wake umelegea, zinabebwa na uso wake tu. Hilo ni kosa la msuko, siyo la chuku. Mhakiki asiishie kusema "amezidisha". Aulize amezidisha nini, na kwa nini.