Upinde Kuvikwa Ngozi

Si kila mwaka mnaona upinde wenye ngozi katika ngoma za tamasha la muziki? Ati ni urembo tu? Hasha! Ngozi hukaza mti usipasuke, na mkono wenye jasho hauutelezi. Babu yangu Mkamba alinifunza hivi.

Mimi hutumia ngozi ya mbuzi. Chatu na chui waacheni, maana uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Hukwaruza nyama na mafuta yote kwa kisu butu. Yakibaki, ngozi huoza ikanuka. Kisha huiloweka kwenye maji ya jivu siku 2 au 3, hadi manyoya yang'oke, halafu huisuuza sana.

Siri yenyewe ni hii: ngozi huvikwa ikiwa imelowa. Nalegeza kamba ya upinde, nazungusha ukanda penye mshikio, nashona. Ikikauka hujikaza yenyewe, gundi ya nini? Lakini ianikeni kivulini, jamani, kwani jua kali huikunja na kuipasua. Ikishakauka, ipakeni mafuta kidogo. Haya, kazi kwenu!