Msanii Mkaazi katika Bustani ya Wanyama: Mfano wa Rembrandt Bugatti

Msanii apewaye nafasi ya kufanya kazi ndani ya bustani ya wanyama kwa miezi au miaka hana jina lililokwisha thibiti katika Kiswahili. "Msanii mgeni" halitoshi, kwani mgeni huja, akatazama, akaenda zake. Nao wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msanii huyu ndiye aliyekwisha pewa jembe. "Msanii mkaazi" lafaa zaidi, maana kitenzi *kukaa* chachukua pamoja maana ya kuketi, ya kuishi na ya kudumu, na kazi yenyewe yataka yote matatu.

Tofauti baina ya mgeni na mkaazi yaonekana katika sanamu zenyewe. Katika miaka ya 1820 mchongaji Antoine-Louis Barye na mchoraji Eugène Delacroix walikuwa wakienda kuchora wanyama katika Jardin des Plantes, Paris, na simba alipokufa humo waliuchora mzoga wake. Mzoga una faida yake: hautikisiki, na mifupa na misuli yaweza kupimwa. Lakini mzoga hauna mwendo, na mwendo huo ilimbidi msanii autunge kwa fikira. Simba wa Barye ni wakali mno. Aghalabu wamo vitani.

Rembrandt Bugatti, aliyezaliwa Milan mwaka 1884, alishika njia nyingine. Yeye pia alianza Jardin des Plantes, kisha katika miaka iliyotangulia Vita vya Kwanza akafanya kazi katika bustani ya wanyama ya Antwerp, Ubelgiji, iliyofunguliwa mwaka 1843, ambayo iliwakaribisha wasanii. Alikuwa akimtazama mnyama kwa muda mrefu, ndipo akafinyanga plastilini mbele yake yule yule aliye hai. Kazi ilikwenda Paris kwa Hébrard, ikasubiwa kwa njia ya nta: mfano wa nta hufunikwa kwa udongo, hutiwa moto hata nta ikayeyuka na kutoka, na shaba ikamiminwa mahali pake. Kwa njia hiyo hata alama za vidole hubaki. Wanyama wake hawapigani. Wanajikuna, wanaegemeana, wanachoka. Hayo hayaonwi na mtu wa siku moja.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina neno la kusema. Mnyama huchukua upatanisho wa mtu: *simba yule amelala*. Sanamu haichukui: *sanamu ile imevunjika*. Lakini mtoto mwenye simba wa mti husema *simba wangu amevunjika*, wala hakosei. Kwake kitu kile kimekwisha ingia katika ngeli ya wenye uhai. Yaweza kusemwa kwamba jitihada yote ya Bugatti ilikuwa kuivusha shaba kutoka upatanisho ule wa pili hata ikastahili wa kwanza.

Ukaazi una hatari ambayo mgeni haijui, nayo ni kwamba riziki ya kazi imefungwa mahali pamoja. Mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yalipoukaribia mji wa Antwerp, wanyama wakali wa bustani walipigwa risasi, kwa hofu kwamba mizinga ingevunja vizimba vyao wakaenea mjini. Wengi wa wale aliowafinyanga wakatoweka kwa mara moja. Bugatti, ambaye kwa miaka alikuwa na maradhi ya huzuni na dhiki ya fedha, alijiua Paris mwezi wa Januari 1916, naye ana umri wa miaka 31. Si haki kutaja sababu moja tu ya kifo chake, ingawa waandishi wengi hufanya hivyo.

Nduguye Ettore, mwunda motokaa, alichukua baadaye mfano wa tembo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kazi ya marehemu, akamweka juu ya rejeta ya gari lake kubwa la Royale. Magari hayo yaliundwa machache tu.