Daftari la wasomaji: silaha ya maktaba za vyuo katika kupatana bei

BUJUMBURA. Mwenye duka katika mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji hili kando ya Ziwa Tanganyika, hahitaji kuambiwa ni katoni ngapi za sabuni zilizotoka mwezi uliopita, wala ni bidhaa gani imelala rafuni tangu Krismasi. Akienda kwa muuzaji wa jumla, hesabu hiyo ndiyo inayomwezesha kupatana bei.

Maktaba za vyuo vikuu nazo zina bidhaa ghali: majarida ya kisayansi yanayosomwa mtandaoni. Daftari la bidhaa hiyo lipo pia. Linaitwa takwimu za matumizi, nalo huonyesha kila jarida limefunguliwa mara ngapi, mwezi kwa mwezi. Swali linalovihusu vyuo vya Afrika Mashariki ni kama vitaendelea kufungia daftari hilo kila kimoja kabatini kwake, au vitayaweka madaftari yote mezani na kupatana bei kwa sauti moja.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jambo hili si la wasomi peke yao. Karo anayomlipia mwanawe ni sehemu ya fedha zinazoendesha chuo, maktaba ikiwemo. Na maarifa yaliyomo katika majarida hayo hugusa shehena yake moja kwa moja.

Samaki wetu, makala ng'ambo

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Wauza dagaa na migebuka walilazimika kupanga upya biashara zao.

Miaka 21 kabla ya hapo, Agosti 2003, jarida la Nature la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu ziwa hilohilo. Watafiti walieleza kwamba maji ya juu yanapopata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki, ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba hali hiyo ingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi.

Ni hivyo hivyo kwa mahindi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mipakani. Mhadhiri anayetaka kuwafundisha wakulima na wenye maghala namna ya kuzuia sumu hiyo anahitaji kusoma tafiti mpya. Chuo chake kikikosa jarida, hasara inaweza kuonekana miaka kadhaa baadaye, kwenye mizani ya mpakani.

Hesabu inavyofanywa

Zamani kila mchapishaji alihesabu wasomaji kwa namna yake, sawa na soko ambalo kila muuzaji ana kopo lake la kupimia. Mwaka 2003 ulitolewa utaratibu wa kimataifa unaoitwa COUNTER, ambao unawataka wachapishaji wanaoufuata kutumia kipimo kimoja. Toleo lake la tano lilianza kutumika Januari 2019.

Kanuni zake ni za kimahesabu kabisa. Msomaji akibofya makala ileile mara mbili ndani ya sekunde 30, inahesabiwa mara moja. Ripoti hutaja jarida, mwezi na idadi. Hazimtaji msomaji kwa jina.

Zipo pia ripoti za waliorudishwa mlangoni, yaani watu waliotaka kusoma makala wakakuta chuo hakijalipia. Mfanyabiashara anaielewa thamani ya taarifa hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Daftari la mauzo humwambia alichouza. Mteja aliyeulizia kitu akakikosa humwambia anachopaswa kuleta safari ijayo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jarida la dola 1,200 kwa mwaka likifunguliwa mara 600, kila usomaji umegharimu dola 2. Jarida la dola 900 likifunguliwa mara sita, kila usomaji umegharimu dola 150. Ugumu ni kwamba wachapishaji wengi huuza majarida kwa vifurushi: anayetaka kumi yanayosomwa hujikuta amelipia mia yasiyofunguliwa. Asiye na hesabu hana la kujibu mbele ya kifurushi kama hicho.

Kontena moja, wanunuzi wengi

Wafanyabiashara wadogo walijifunza zamani kuchangia kontena moja ili wapate bei ya jumla. Maktaba zimefanya vivyo hivyo. Kenya iliunda muungano wa maktaba zake, KLISC, mwaka 2003. Uganda ina CUUL, na Tanzania ina COTUL. Miungano hii hununua na kupatana kwa niaba ya wanachama.

Hatua inayofuata ni kuweka hesabu pamoja. Uingereza ina mfumo uitwao JUSP, unaoendeshwa na shirika la Jisc. Mfumo huo hukusanya takwimu za wachapishaji mbalimbali mahali pamoja, na maktaba huweza kuona matumizi yake na kuyalinganisha na ya vyuo vinavyofanana nayo. Mkutubi hahitaji tena kuzunguka tovuti moja baada ya nyingine kutafuta ripoti, na wanaokwenda kujadiliana na mchapishaji hukaa mezani wakijua wanachosema.

Bure ina masharti

Burundi ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Kwa kuwa ni miongoni mwa nchi maskini zaidi, taasisi zake zinastahili kusoma maelfu ya majarida bila malipo kupitia mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 na majarida ya afya. Nchi za kundi la pili, zenye kipato kikubwa kidogo, huombwa dola 1,500 kwa mwaka kwa kila taasisi.

Lakini ofa ya muuzaji haidumu milele. Januari 2011 watafiti wa Bangladesh waliarifiwa kwamba majarida zaidi ya 2,500 yameondolewa katika mpango huo kwa nchi yao. Kelele zilipigwa duniani, na wachapishaji wakarudi nyuma. Aliye na hesabu ya miaka kadhaa anaweza kuonyesha kitakachopotea mlango ukifungwa, na kuchagua cha kulipia kwanza. Asiye nayo hubaki kuomba huruma.

Namba zisizosema yote

Hata hivyo, daftari hili lina mipaka. Umeme ukikatika wiki nzima, namba zitashuka, na mtu wa mbali atadhani jarida halitakiwi. Makala anayotumiwa mwanafunzi na rafiki kwa WhatsApp haihesabiwi. Burundi, ambako chuo hufundisha zaidi kwa Kifaransa, jarida la Kiingereza linaweza kufunguliwa mara chache kwa sababu ya lugha na si kwa kukosa maana. Na makala iliyofunguliwa mara moja na daktari inaweza kuokoa maisha.

Ndiyo maana hesabu ya chuo kimoja haitoshi. Jarida lililofunguliwa mara sita Bujumbura linaweza kuwa limefunguliwa mamia ya mara Kampala na Nairobi; hapo ndipo hoja ya kulinunua kwa pamoja inapopata nguvu.

Meza ya kuketi ipo tayari. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lina makao yake Kampala, na Burundi imo ndani ya Jumuiya tangu Julai 2007. Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Eneo moja lenye madaftari yaliyofungwa kila moja kwake ni soko la pamoja kwa jina tu. Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza chuo maswali mawili: majarida gani yanasomwa, na ni yapi wanafunzi wameyatafuta wakayakosa?