Pembetatu za Fundi Nyumba

Hapa Simbo mama akitaka kuchemsha chikichi akamue mawese, hutafuta mafiga matatu. Hayapangi kwa mstari mmoja, pipa litaanguka. Huyapanga yakatazamana, na umbali wa figa hadi figa huwa karibu sawa. Hebu chora mistari ya kuyaunganisha: umepata pembetatu sawa. Pande zake tatu ni sawa, na pembe zake tatu nazo ni sawa, kila moja nyuzi 60. Jumla ni nyuzi 180. Hiyo 180 tuishike vizuri, maana pembetatu yoyote, kubwa au ndogo, pembe zake zikijumlishwa hutoa 180.

Sasa tazama kenchi ya nyumba ya bati. Mbao mbili za mteremko zina urefu mmoja, ubao wa chini una urefu wake. Hiyo ni pembetatu pacha: pande mbili sawa na pembe mbili za chini sawa. Zipo pia pembetatu ambazo pande zote tatu hazilingani.

Hayo ni majina ya pande. Yapo na ya pembe. Pembe ya nyuzi 90, kama kona ya daftari, ni pembe mraba. Iliyopungua 90 ni pembe kali, iliyozidi ni pembe butu. Pembetatu yenye pembe mraba moja huitwa pembetatu mraba. Yenye pembe mraba mbili haipo: 90 na 90 ni 180 tayari, ya tatu itapata nini?

Watu wengi huchanganya hapa. Pembetatu moja hubeba majina mawili, kama mtu na jina lake na la baba yake. Tuseme mbao za mteremko ni mita 3 kila mmoja, ubao wa chini mita 5. Kwa pande ni pacha. Kwa pembe je? Hatuhitaji kipimapembe, futi kamba inatosha. Zidisha kila upande kwa wenyewe: 3 mara 3 ni 9, na tena 9, jumla 18. Upande mrefu, 5 mara 5, ni 25. Upande mrefu umezidi, basi pembe ya juu ni butu. Ungepungua, pembe zote zingekuwa kali. Ukilingana, hiyo ni pembetatu mraba.

Na hapo ndipo penye fedha ya mwenye nyumba. Kabla ya kuchimba msingi, pima mita 3 kwenye kamba moja kutoka konani na mita 4 kwenye kamba ya pili, kisha pima kati ya alama hizo. Ukipata mita 5 kamili, kona ni mraba, kwa sababu 9 na 16 ni 25. Ukipata mita 5 na sentimita 20, kona imefunguka, ni butu. Sentimita 20 zinaonekana kidogo, siyo? Lakini ukuta wa mita 8 ukifuata kona hiyo, mwisho wake utahama zaidi ya nusu mita. Mabati yatakatwa mshazari, na vipande vinatupwa. Kuhamisha kigingi ni bure. Kuvunja msingi siyo bure.

Wapima ardhi nao hutumia pembetatu. Miaka ya 1930, Mwingereza Martin Hotine aliongoza upimaji magharibi mwa Tanganyika, kufuata longitudo ya 30, inayopita kati ya Kigoma mjini na Uvinza. Walipima pembe kutoka kilele hadi kilele, pembetatu ikishikana na pembetatu. Mnyororo wote, toka Afrika Kusini hadi Misri, ulikamilika mwaka 1954. Wapimaji hukwepa pembetatu nyembamba sana, kwani kosa dogo la pembe huko huleta kosa kubwa la umbali.

Zoezi: unayo miti mitatu ya futi 6, 8 na 10. Itatoa pembetatu gani? Na ya futi 2, 3 na 6 je? Ya kwanza ni pembetatu mraba: 36 na 64 ni 100. Ya pili haifungi kabisa, kwa sababu 2 na 3 haifiki 6.